Ndiyo, Sitaki

1

Taarifa ilifika mezani kwa Tusekile saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, na jambo la kwanza alilofanya ni kutabasamu. Kati ya wateja elfu moja mia moja sitini na wawili, elfu moja mia moja na arobaini walikuwa wamejibu "Ndiyo" kwenye swali la nne. Hata wanakwaya wakiulizwa rangi ya sare hawakubaliani hivyo.

"Karibu wote," alisema Bwana Ngailo, mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Na mimi nilidhani wazee watatusumbua. Kumbe wala."

"Wala," Tusekile akaitikia.

Akashuka na orodha taratibu, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi, mpaka akafika kola namba tisini na tatu. Ambokile, wa Tukuyu. Swali la nne: Ndiyo. Hapo tabasamu likamkauka, maana Ambokile wa Tukuyu alikuwa baba yake mzazi, na kama kuna mtu duniani ambaye asingekubali swali la nne, ni yeye.

Kituo cha Usemi cha Mbeya kilihudumia watu ambao ndimi zao zilikuwa zimewatupa mkono: wa kiharusi, wa ajali, wa saratani ya koo. Kila mmoja alivaa kola laini shingoni, nayo ilisoma misuli ya koo ikijaribu kusema, kisha ikasema kwa niaba yake. Ila kola yenyewe haikujua neno hata moja. Kila asubuhi ilipowashwa, kiliamka kwanza kijiprogramu kidogo kiitwacho kizinduzi. Kizinduzi kiliiuliza seva ya kituo toleo la leo ni lipi, kikalivuta, kikalinganisha muhuri wake, ndipo kikaizindua sauti. Kazi ya Tusekile, mwaka wa sita sasa, ilikuwa kukipanga hicho kizinduzi: kiulize nini, kikague lini, kifanye nini mtandao ukikatika. Ni kazi isiyo na shukrani. Kizinduzi kikienda sawa, hakuna anayejua kwamba kipo, kama bawaba ya mlango.

Juu ya sauti kulikuwa na kitu walichokiita mazoea. Hayo ndiyo yote ambayo kola ilikuwa imejifunza kwa mvaaji wake miaka nenda rudi: lafudhi, kicheko, tusi analolipenda, jina analomwita mkewe wakiwa wawili tu. Toleo la sita liliyatunza mazoea. Toleo la saba, litakaloanza kesho, lilikuwa jepesi na safi, nalo halikuyataka. Hata hivyo mtu aliruhusiwa kubaki na ya kwake. Ilitakiwa aulizwe tu, na maswali ya Kiswahili aliyaandika Tusekile.

Akaifungua fomu. Swali la nne lilikuwa limetoka makao makuu likiwa kavu: *Mazoea yafutwe? Ndiyo. Hapana.* Aliikumbuka vizuri siku alipolisoma. Aliona aibu. Unamfuataje mtu mzima, mwenye wajukuu, ukamwambia "yafutwe?" kana kwamba unamuuliza kuku achinjwe? Akalilainisha, kwa adabu aliyofundishwa nyumbani. *Hutaki mazoea yako ya zamani yafutwe, sivyo?* Vitufe viwili vya chini akaviacha vilivyo, na maagizo yaliyojificha nyuma yake akayaacha vilevile. Ndiyo: futa. Hapana: tunza.

Sasa alilisoma kwa sauti, kisha akajijibu mwenyewe, kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili.

"Ndiyo," alisema. "Sitaki."

Akaweka mikono kichwani.

2

Bwana Ngailo alilisoma swali mara tatu. Hakuwa mtu wa makelele, na siku hiyo Tusekile alitamani angekuwa.

"Mkuu, ukiulizwa 'hujala?' nawe kweli hujala, unajibuje?"

"Ndiyo, sijala," alisema Bwana Ngailo. Akakaa. "Ndiyo, sijala. Mama yangu we!"

Wakapiga simu makao makuu. Mama aliyepokea alikuwa mpole na alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililouma zaidi. Akasema anaelewa. Akasema kwenye kumbukumbu zao ndiyo ni ndiyo. Faili la mipangilio ya kizinduzi lilikuwa limekwisha kupigwa muhuri, na kulibadilisha kulihitaji wakaguzi wawili na siku tatu za kazi. Yaani Jumanne jioni, wakifanya haraka. Toleo la saba lilikuwa linaanza Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi.

"Poleni sana," yule mama akasema, na simu ikakatika.

Tusekile akageukia mashine yake. Wazo la kwanza: kola ziwashwe bila mtandao, zitumie toleo lililomo. Lakini mstari wa *zindua bila mtandao* ulisomeka *hapana*, na aliyeuandika ni yeye, mwaka juzi, baada ya matapeli kuiba kola ya marehemu na kuwapigia watoto wake simu kwa sauti ya baba yao. Wazo la pili: watu wasizime kola kabisa. Lakini kibali cha kizinduzi kiliisha kila baada ya saa ishirini na nne, kola ikajizima na kujiwasha yenyewe, hata iliyokuwa imevuliwa na kuzimwa, kusudi asiwepo mtu wa kubaki nyuma. Hilo nalo ni lake. Wazo la tatu lilikuwa nakala. Mazoea hayakuwa na nakala popote. Yalikaa ndani ya kola ya mtu, kwa ajili ya faragha, na kwa uamuzi huo Tusekile alikuwa amepewa cheti, na cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani mbele yake. Kila mlango aliousukuma aliukuta na komeo, na komeo alilitia yeye.

Ulibaki mmoja. Faili lenyewe la mipangilio liliweza kuondolewa kwenye seva. Kizinduzi kisipolikuta hakivuti kitu na hakifuti kitu. Ila hakizindui kitu pia. Watu wote elfu moja mia moja sitini na wawili wangeamka mabubu mpaka Jumanne jioni, na mazoea yao yangekuwa salama shingoni.

Bwana Ngailo alikiona kile ambacho Tusekile alikuwa anakiangalia.

"Ufunguo wa kuondoa faili unao wewe," alisema, macho yakiwa dirishani. "Unaweza kuutumia hata kwenye simu, popote ulipo. Sijakwambia utumie. Sijakwambia usitumie. Mimi nakwenda kunywa chai."

Akatoka. Kikombe chake cha chai kilibaki mezani, kimejaa.

Tusekile alikuwa bado anakitazama wakati simu ya huduma kwa wateja ilipolia.

"Hujambo, mwanangu? Mimi naitwa Subilaga, mkunga wa zahanati huku Kyela, kola namba mia nne kumi na saba." Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa. "Napiga kulalamika. Hiki kizinduzi chenu asubuhi kinachukua dakika mbili nzima. Jana mama mmoja alifika mtoto akiwa njiani, nami kola ndiyo kwanza naiwasha. Dakika mbili, mwanangu! Nampungia mikono kama askari wa barabarani. Nitamwambiaje asukume, nitamwambiaje asubiri?"

"Pole, mama. Mtoto mzima?"

"Mzima, ana mapafu kuliko wewe na mimi. Lakini ingekuwa dakika kumi?"

Tusekile akauliza: "Bi Subilaga, ingekuwa siku tano je?"

Upande wa pili kikaja kicheko, kile cha kuguna kinachoanzia tumboni, na Tusekile alijua kwamba anasikia kitu kilichobakiwa na saa zisizofika ishirini.

"Siku tano utanizika mimi au utamzika mzazi. Usinitanie hivyo. Nina wawili wodini hapa wanaotarajia wakati wowote."

"Na kicheko chako, mama? Kingepotea kicheko chako?"

"Mwanangu, una homa?" alisema Bi Subilaga. "Nitengenezee kizinduzi."

3

Saa tisa alasiri alikuwa Tukuyu. Mvua ya huko, ambayo haina adabu ya kungoja msimu, ilikuwa imekatika, na baba yake alikuwa barazani amefunikwa blanketi miguuni, mkono wa kulia umelala mapajani jinsi kiharusi kilivyouacha. Alipomwona tu, kola ikamemeta.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Umeniletea nini?"

Ndivyo walivyosalimiana tangu Tusekile akiwa hajui kutembea. Alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Ambokile, kwa hiyo kwa baba yake alikuwa mama, na mtoto wa miaka mitatu aliamkiwa shikamoo na mtu mwenye ndevu na akaitikia bila haya. Wageni waliona kichekesho. Wao wawili walikuwa wamesahau zamani kwamba ni utani. Kiharusi kilipomnyang'anya baba ulimi, miaka tisa iliyopita, neno la kwanza ambalo kola ilifundishwa kwa wiki mbili za jasho lilikuwa hilo. Kila mara ilijaribu kusema "binti." Kila mara mzee aligonga meza kwa mkono wa kushoto, kwa hasira, mpaka kola ikasalimu amri.

Tusekile akakaa kwenye kigoda. "Baba, ulipoulizwa swali la nne, ulijibu nini?"

"Lipi hilo?"

"La mazoea."

"Aa. Nikaulizwa sitaki yafutwe. Nikasema ndiyo." Mzee alimtazama kwa mshangao. "Ndiyo, sitaki. Ningesema nini tena? Aliyeuliza aliuliza vizuri, kwa heshima. Nikasema huyu kalelewa."

Tusekile akaanza kulia. Alimweleza yote huku analia: vitufe, muhuri, siku tatu, mkunga wa Kyela, ufunguo uliokuwa kwenye simu mfukoni mwake. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mtangazaji wa redio maisha yake yote, na kazi yake hasa ilikuwa matangazo ya vifo. Wilaya nzima ilijifunza kunyamaza saa saba na nusu mchana kusikia sauti ya Ambokile ikisema nani hayupo tena.

"Tunasikitika kutangaza," alisema mwishowe, kwa sauti ile ile ya redio, "kwamba chai imepoa."

"Baba, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nafikiri." Akafikiri. "Ukiliondoa hilo faili, sauti yangu inabaki."

"Inabaki."

"Na huyo mkunga ananyamaza siku tano. Na wengine."

"Ndiyo."

"Mama, nimesoma majina ya marehemu miaka thelathini na moja. Watu walinifuata mpaka mlangoni, wengine wananishika mguu: soma la kwangu kwanza, ndugu wako mbali, wawahi mazishi. Siku alipofariki yule uliyerithi jina lake, jina lake lilifika la saba, nikalisoma la saba. Nilikaa pale na karatasi, mama yangu yuko chini ya majina sita ya watu nisiowajua."

"Hili si lako peke yako," Tusekile akasema. "Kuna watu elfu moja mia moja na arobaini waliosema hawataki. Nikiacha, nimewapokonya."

"Umewauliza kama wako tayari kunyamaza siku tano ili wasipokonywe?"

"Siwezi kuwauliza. Swali lolote linapita kwenye kizinduzi, na kizinduzi kina muhuri. Kwa simu sitawamaliza kabla ya asubuhi."

"Basi umeshawajibia mara moja bila kujua. Usiwajibie mara ya pili ukijua."

"Na nisipofanya kitu, baba? Nako si kuwajibia?"

Mzee alifungua mdomo. Kola ilimeta mara mbili bila kutoa neno, jinsi ilivyofanya alipoanza kusema kitu akakiacha. "Ndiyo, mama," alisema hatimaye, taratibu. "Nako ni kuwajibia."

Tusekile alichukua simu akafungua kinasa sauti, akaisogeza karibu na kola. "Basi sema kitu. Niite. Nibaki nacho."

"Toa hicho kidude," mzee akasema. "Wa kuhifadhiwa kwenye rekodi ni wale marehemu niliowatangaza. Mimi bado nipo. Nipashie chai, tuongee."

Wakaongea mpaka jua likazama. Mzee alimsimulia mambo aliyokwisha kumsimulia mara mia, na Tusekile hakumzuia hata mara moja. Alimtukana jirani yake wa chini kwa Kinyakyusa, kwa ajili ya mpaka wa migomba, akafurahi sana. Alicheka kile kicheko chake cha kupanda ngazi, kinachoanza chini, kikapanda, kikakwama juu, kikashuka kwa kikohozi. Tusekile alipompa kikombe alisema "ndaga, mama," asante ya Kinyakyusa, na alipompa cha pili akasema tena, na Tusekile alizihesabu moja moja, akijichukia kwa kuhesabu. Kabla ya kulala mzee alivua kola kwa mkono wa kushoto kama kila siku, akaiweka kwenye kisahani chake juu ya kabati. Hakuiangalia mara mbili.

4

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Tusekile alikuwa jikoni na simu mkononi. Kitufe kilikuwa mbele yake, chekundu, na maneno juu yake aliyaandika yeye mwenyewe zamani: *Ondoa faili la mipangilio. Una uhakika?* Angalau hilo alikuwa ameliuliza sawasawa.

Alimfikiria Bi Subilaga na wajawazito wake wawili wodini. Alifikiria kicheko kinachoanzia tumboni. Akafikiria watu elfu moja na ushei waliolala usingizi wakijua kwamba walisema hawataki na wakasikika. Akasogeza kidole. Akakirudisha. Kulikuwa na kila sababu ya kubonyeza, na kulikuwa na kila sababu ya kutobonyeza, na hakuna hata moja iliyokuwa na nguvu ya kumshika mkono. Baadaye angewaambia watu kwamba aliamua kuwaachia sauti wanaoihitaji. Si kweli. Alikuwa bado anatazama kitufe kilipobadilika kuwa cha kijivu, na juu ya kioo ikasomeka saa kumi na mbili kamili.

Akasikia kitanda cha baba kikilia. Akaenda.

Mzee alikuwa ameketi, kola ameshaivaa. Tusekile akanyoosha mkono, hata hakujua kufanya nini, lakini mzee alikuwa amekwisha kuibonyeza. Taa ndogo ikawa ya njano: kizinduzi kinauliza. Ikawa nyeupe: kinavuta. Haikuchukua hata sekunde kumi. Bi Subilaga angefurahi. Ikawa ya kijani.

Mzee alimtazama binti yake. Misuli ya koo ikajikaza, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika.

"Hujambo, binti yangu," kola ikasema.

Ilikuwa sauti nzuri, ya kiume, ya mtu wa makamo asiyetoka mahali popote. Bila mazoea, kola ilikuwa imeona mzee, imeona binti, imesikia koo likijaribu jambo lisilowezekana, nayo ikamsahihisha. Mzee akakunja uso. Akajaribu tena, polepole zaidi.

"Hujambo, binti yangu."

Akagonga kabati kwa mkono wa kushoto. Akagonga tena, kwa nguvu, kisahani kikaruka. Toleo la sita lingeelewa. Toleo la saba halikufundishwa maana ya kugonga huko.

Kwenye kioo kidogo kando ya kitanda yakatokea maandishi, na wakati huohuo kola ikayasoma. Tusekile aliyatambua kabla hayajaisha, kwa sababu aliyaandika wiki moja na swali la nne, kwa adabu ileile.

"Hujaridhika na toleo jipya, sivyo?"

"Baba, ngoja—"

"Ndiyo," alisema mzee, kwa uchungu wote uliokuwamo kifuani mwake, na kola ikalitamka vizuri kabisa.

*Asante,* kioo kikaandika. *Tunafurahi kwamba umeridhika.*

Tusekile akakilaza kioo kifudifudi. Akapiga magoti mbele ya kitanda, akaushika ule mkono wa kushoto uliokuwa umeanza kuwa mwekundu, wakatazamana. Mzee alikaza koo kwa mara ya tatu. Hakuwa na haraka. Tusekile aliitazama misuli yenyewe safari hii, siyo kola, akaiona inavyopanda na kushuka, silabi moja moja, kama alivyoiona kila asubuhi maisha yake yote.

"Hujambo, binti yangu," kola ikasema.

"Marahaba, mwanangu," Tusekile akamjibu. "Hujambo?"

Mzee akatulia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, yakapanda, yakakwama juu, yakashuka, na machozi yakamtoka. Alikuwa anacheka. Chumbani hakukusikika kitu, kwa sababu kicheko nacho kilikuwa ndani ya mazoea.